Maswali Yenu Kuhusu Siha: Simu Isiyoita Kwenye Ngazi

Barua tatu za toleo hili zimetoka Ilazo, Kondoa na Nkuhungu. Walioziandika hawajuani, lakini kila mmoja anazungumzia mwili ambao ameacha kuuamini, ndiyo maana nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeifupisha kidogo. Nyingine zimechapwa kama zilivyoletwa. Anayejibu ni mtaalamu wa mazoezi tiba.

Swali

Dada mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mtumishi wa umma mwenye umri wa miaka 46, niliyehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam ofisi zetu zilipoletwa huku. Ninaishi Ilazo na kufanya kazi Mtumba, na siku yangu nzima ni ya kukaa: nakaa kwenye basi la watumishi, nakaa ofisini, nakaa tena kwenye basi, kisha nakaa mbele ya televisheni. Mwaka jana nilijiunga na jimu moja. Siku ya kwanza mwalimu aliniambia mbele ya vijana kwamba nilipaswa kuja miaka kumi iliyopita, nami sikurudi tena. Baadaye shoga yangu alinipeleka kwenye kundi la jogging la Jumamosi. Walianza kwa nyimbo, wakaniacha kabla hata ya kilomita moja, nikarudi nyumbani kwa bodaboda huku nimejitanda mtandio usoni nisitambulike. Ofisi yetu iko ghorofa ya pili. Nikifika ya kwanza husimama na kujifanya napokea simu, kumbe natafuta pumzi, na nadhani wenzangu wameshajua. Nina maswali mawili. Mtu asiyejiamini kabisa katika mazoezi aupate wapi ujasiri wa kuanza? Na je, maisha yangu yatakuwa bora hata kama uzito hautapungua, maana najijua, huwa haupungui?

Mwanakwaya, Ilazo

Jibu

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye ngazi, kwenye ile simu isiyoita. Nitairudia mwishoni, kwa sababu nadhani ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote ulivyonavyo.

Swali lako la kwanza linauchukulia ujasiri kama nauli, ambayo lazima iwe mfukoni kwanza ndipo mtu apande gari. Wengi tunafikiri hivyo, lakini wanaolichunguza jambo hili wanaona kinyume chake. Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alichapisha mwaka 1977 nadharia ambayo sisi wa mazoezi tiba tunaitumia hadi leo. Imani ya mtu kwamba analiweza jambo fulani, alieleza, ni kitu tofauti na kujiamini kwa jumla. Wewe bila shaka unaweza kusimama mbele ya usharika mzima ukaimba pasipo sauti kutetemeka, na bado ukashindwa kuinua macho mbele ya kioo cha jimu. Ujasiri unao, kinachokosekana ni ushahidi katika jambo hili moja, na ushahidi hutengenezwa.

Hutengenezwa kwa njia nne. Yenye nguvu kuliko zote ni kulifanya jambo lenyewe ukalimaliza. Kisha kuna kumwona mtu wa hali yako akilifanya, kuna maneno unayoambiwa na watu unaowaheshimu, na kuna namna unavyozisoma dalili za mwili wako wakati unalifanya. Ukiyapitia yaliyokupata, utaona kwamba visima vyote vinne vilikutolea maji ya chumvi. Mwalimu alikuvunja kwa maneno. Kundi la Jumamosi lilikuonyesha watu wasiofanana nawe. Jaribio lenyewe lilikuwa kubwa mno kwa mtu aliyekaa miaka bila kukimbia, likaishia njiani, nawe ukalihesabu kuwa limekushinda. Na moyo ulipodunda, huenda ulidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba presha imepanda. Kwa hali hiyo hata mimi ningeacha.

Tuanze basi na lile la kumaliza, na tuanze na kipande kidogo kiasi kwamba utaona haya kumsimulia mtu. Mtaani kwenu kuna nguzo za umeme. Jioni ukishuka kwenye basi, tembea kwa mwendo wa mtu anayewahi lakini hajachelewa, hesabu nguzo tano, geuka, rudi, kisha uandike kwenye daftari: nguzo tano. Kabla ya kila juma kuanza jiulize, kwa kipimo cha 0 hadi 10, una uhakika gani kwamba utazifikia nguzo hizo siku tatu za juma hilo, hata ukiwa umechoka. Ukijipa chini ya 7, punguza nguzo mpaka 7 ipatikane. Mbinu hii hutumika kuwasaidia watu wanaoishi na maradhi ya muda mrefu, na shabaha yake ni kwamba majaribio ya mwanzo yamalizike, kwa kuwa lililomalizika ndilo linalokupa sababu ya kurudi kesho. Juma linalofuata ongeza nguzo mbili. Mimi mwenyewe, ambaye mazoezi ndiyo kazi yangu, baada ya uzazi wa pili nilianza kwa kuizunguka nyumba, tena usiku, ili jirani asinione.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye kila juma dakika 150 hadi 300 za shughuli za mwili za wastani, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Namba hizi huwatisha wanaoanza, ingawa mwongozo huohuo unasema kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Zitazame kama Morogoro kwa abiria aliyepanda basi hapa Dodoma: iko njiani na ataifikia, lakini hashuki Gairo akalalamika kwamba bado hajaiona.

Kuhusu watu wa kuwatazama, nina neno. Septemba 2025 Alphonce Simbu, kijana wa hapa jirani Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03, na nchi nzima ilishangilia. Lakini kumtazama Simbu hakumwongezei mtu wa miaka 46 imani ya kupanda ngazi, kwa sababu moyoni anajua kwamba huyo si wa daraja lake. Atakayekuongezea ni mwenzako mwenye umri na umbo kama lako, ambaye miezi mitatu iliyopita alikuwa akihema kwa shida na sasa anahema kwa nafuu. Katika kwaya nzima hakosekani mmoja wa namna hiyo, na akikosekana, basi mtakuwa wawili mnaoanza pamoja, jambo ambalo pia linasaidia. Nanyi viongozi wa makundi ya jogging mnaosoma safu hii, wekeni mtu wa kufunga mkia, mkimbiaji mzuri ambaye siku hiyo amekubali kutembea na mgeni. Mchakamchaka wa shuleni ulikuwa na faida ambayo tumeisahau: mwendo uliwekwa na wimbo, na mwenye mbio hakuweza kuukimbia wimbo akabaki ndani yake.

Sasa moyo. Kudunda na kuhema unapopanda ngazi ni kazi halali ya mwili: misuli ya mapaja inadai oksijeni na moyo unaisukuma. Anayelijua hilo husikia mdundo uleule bila hofu. Hata hivyo nenda ukapime presha kabla ya kuanza, kwa sababu presha ya kupanda mara nyingi haina dalili. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, muone daktari kwanza. Na ukipata mgandamizo au maumivu ya kifua, maumivu yanayokwenda mkononi au kwenye taya, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, simama hapo hapo na uende hospitali. Wapo waliotoka pwani wanaousingizia mwinuko wa mji huu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho huleta tofauti ndogo siku za mwanzo kisha mwili ukazoea, nawe umeshazoea. Kinachosumbua hapa ni upepo wa vumbi wa Julai na Agosti na lile jua la Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, na vyote viwili huepukwa kwa kutoka mapema asubuhi au jioni jua likishalegea. Kama alfajiri mtaa wenu una giza na mbwa, jioni inatosha. Raba iwe ya kukutosha. Nguo iwe yoyote unayoweza kutembea nayo kwa uhuru, hata dera.

Kuna imani nyingine ambayo watafiti huipima peke yake, nayo ni ile ya kuamini kwamba utaendelea hata vizuizi vikitokea. Kwa mtumishi wa Dodoma vizuizi havihitaji mtabiri: kuna misiba, kuna wageni wa kulala, na kuna miezi ya Bunge la Bajeti ambapo mtu hutoka ofisini usiku. Amua mapema, tena kwa sentensi kamili, kwamba ukirudi baada ya saa mbili usiku utasimama na kukaa kwenye kiti mara kumi kabla ya kwenda kuoga, na kwamba hiyo itahesabika kama nguzo. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba tendo jipya lilichukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, kuanzia siku 18 kwa wengine hadi makadirio ya siku 254 kwa mmoja, na kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari nzima. Waliokosa siku moja na kujihukumu kwamba wameshindwa ndio ninaowaona wakirudi kwangu baada ya mwaka.

Swali lako la pili jibu lake ni ndiyo. Kutembea nusu saa kwa mwendo wa haraka hutumia nguvu isiyofikia hata ile iliyomo katika chapati moja kubwa, kwa hiyo mizani isiposogea haikuambii kwamba hukufanya kitu. Wakati yenyewe imelala, misuli inayofanya kazi inachota sukari kwenye damu, presha ya walio nayo juu inashuka, usingizi unatulia na wasiwasi unapungua. Ubora wa maisha haupimwi kwa kilo. Shirika la Afya Duniani lina dodoso fupi la maswali 26 la kuupima, linalogusa mwili, nafsi, mahusiano na mazingira ya mtu, na swali la kwanza kabisa linamtaka aseme yeye mwenyewe anayaonaje maisha yake. Uzito haumo. Edward McAuley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, waliowachunguza watu wa umri mkubwa, walieleza mnyororo ambao mimi unanishawishi: mazoezi huinua imani ya mtu kwamba anaweza, imani hiyo huboresha hali ya afya yake ya mwili na ya akili kama anavyoiona mwenyewe, na kutoka hapo kuridhika na maisha hupanda. Ndiyo maana nakusihi usirudi kwa mwalimu yule. Mazoezi yanayofanywa chini ya dharau yanaikata pete ya kwanza ya mnyororo huo.

Sasa ile simu. Mwendo wa wastani hutambuliwa kwa kipimo kisichohitaji chombo: unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba. Mwanakwaya analijua hilo vizuri kuliko mimi. Kila Ijumaa, ukipanda kwenda ofisini, hesabu vidato ulivyopanda kabla ya kuhitaji kusimama, uviandike kwenye lile daftari la nguzo. Na pale utakapolazimika kusimama, simama bila simu, shika ukuta kidogo, uhesabu pumzi tano, uendelee.

Swali

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kondoa, umri wangu miaka 67. Enzi zangu ndiye niliyekuwa mbele ya mchakamchaka wa shule kila asubuhi. Sasa goti la kulia linaniuma, na nimeambiwa hapa mtaani kwamba ute wa goti umekwisha na mifupa inasagana, kwa hiyo nisilichoshe. Tangu mwaka juzi nasali nikiwa nimekaa kwenye kiti. Mke wangu ameniwekea mjukuu wa kuniletea hata maji ya kunywa. Mwezi uliopita nilijaribu kukimbia kidogo, nikaanguka mbele ya wajukuu, ingawa sikuumia. Je, niache kabisa?

Mwalimu mstaafu, Kondoa

Jibu

Waalaykum salaam, na shikamoo mzee wangu. Usiache, ila kukimbia kuache kwa sasa.

Habari ya ute kwisha imewakalisha chini wazee wengi ambao wangekuwa wanatembea. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kifundo, halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na majimaji ya kifundo, nayo huingia na kutoka pale kifundo kinapobanwa na kuachiwa. Kwa hiyo kutembea kwa kiasi kunalilisha, na kukaa kutwa kunalinyima. Kwa goti lililochakaa, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja ni miongoni mwa matibabu ya mwanzo kabisa yanayoshauriwa. Sijaliona goti lako, kwa hiyo kama limevimba na lina joto, kama hukwama, au kama hukuachia ghafla, pitia hospitali kwanza. Kama halina hayo, kanuni ni nyepesi: maumivu yasiyozidi 5 kati ya 10, ambayo yametulia kufikia asubuhi ya pili yake, si dalili ya kuharibu kitu. Yakizidi hapo, punguza idadi, usiache.

Nadhani kilichokuangusha ni yule mwalimu wa miaka 30 uliyemkumbuka kuliko lilivyokuangusha goti. Mtu aliyewahi kuwa na mbio ana hazina ya kujiamini, lakini hazina hiyo humdanganya kuhusu mahali pa kuanzia. Akishapita umri wa miaka 30, mtu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na kasi huongezeka akishapita 60. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu hurudi. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya wakazi kumi wa makao ya wazee mjini Boston, wenye umri wa miaka 90 hivi, waliofanya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa majuma manane. Waliomaliza waliongezeka nguvu kwa wastani wa asilimia 174. Wewe kwa hao ni kijana.

Chombo chako kitakuwa kile kiti unachosalia. Kiegemeze ukutani kisiteleze, mtu mmoja awe karibu, kunja mikono kifuani, kisha uone unasimama wima na kukaa mara ngapi katika sekunde 30. Kwa mwanamume wa miaka 65 hadi 69, chini ya mara 12 huhesabiwa kuwa udhaifu wa miguu unaoongeza hatari ya kuanguka. Ukipata sita, andika sita wala usione haya. Mwalimu anajua kwamba alama ya kwanza ni ya kujua darasa lilipo. Kisha kila siku, asubuhi na jioni, simama na kukaa mara tano, ukiweka mto juu ya kiti kama goti linalalamika, na kila juma uongeze mara moja. Mara tatu kwa juma, simama karibu na ukuta kwa mguu mmoja, kidole kimoja kikigusa ukuta, kwa sababu umri wako unahitaji mazoezi ya mizani ya mwili sawa na ya nguvu. Baada ya mwezi utaweza kusimama na kukaa huku umekumbatia kidumu cha lita tano chenye maji.

Kushuka sakafuni na kuinuka ni stadi inayofundishika, na ukiwa tayari ianze kwa kulitanguliza goti lisilouma juu ya mto, mikono ikiwa kwenye kiti. Siwezi kukuahidi kwamba utarudi kusujudu kama zamani. Lakini anayejua jinsi ya kuinuka akiwa chini haogopi tena kuwa chini, na hofu ya kuanguka ndiyo inayowafanya wengi wakae, wakadhoofu, kisha wakaanguka kweli. Mama nyumbani mpe salamu zangu na ombi moja, kwamba mjukuu apewe likizo ya kuleta maji.

Swali

Hujambo dada. Mimi ni dereva wa Coaster njia ya Nkuhungu, nina miaka 34. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri, narudi saa tatu usiku. Kiuno kinauma na tumbo limetoka, na konda wangu hunicheka kwamba nashuka garini kama babu. Muda wa mazoezi sina. Kuna njia?

Dereva, Nkuhungu

Jibu

Sijambo, mdogo wangu. Konda wako ana haki ya kucheka kuliko anavyojua. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet ulinganisho wa madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa ya London. Basi lilikuwa moja, ila dereva alikaa kutwa na konda alipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima, na makonda walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Hoja haikuwa safi kabisa, maana mwaka 1956 Morris mwenyewe alionyesha kupitia vipimo vya sare za kazi kwamba madereva walikuwa na viuno vipana zaidi tangu mwanzo. Lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeendelea kumpa ushindi konda.

Sikushauri uamke mapema zaidi ili ufanye mazoezi. Ukilala saa nne usiku na kuamka saa tisa na nusu unapata saa tano na nusu tu za usingizi, na dereva mwenye usingizi ni hatari kwa abiria wake kuliko mwenye tumbo. Muda wako uko kituoni, gari linapojaza. Zamani ilishauriwa kwamba shughuli ihesabike ikifikia angalau dakika kumi mfululizo. Mwongozo wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo, kwa hiyo dakika mbili zako ni halali. Kila mwisho wa safari shuka, weka viganja kiunoni na ujinyooshe nyuma polepole mara tano, lizunguke gari mara tatu kwa haraka, kisha ushike mlango uchuchumae na kuinuka mara kumi, au tano kama kumi hazitoki. Kwa safari nane za siku, mtu anafikisha kuchuchumaa mara themanini bila kuitafuta jimu. Kiti chako kiwe karibu kiasi kwamba huhitaji kunyoosha mguu wote kuikanyaga klachi. Na kama mguu unakufa ganzi au unapoteza nguvu, au mkojo unakuwa mgumu kuuzuia, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Konda mwache acheke, ila akubaliane nawe kwamba hagongi bodi kabla hujamaliza kumi.